Upeo wa Akiba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia umeitumia wewe mwenyewe, hukuwagawia majirani. Sisi huku hatujambo. Kazi ipo, afya ipo, na mwili umeongezeka kiasi kwamba ovaroli yangu imeanza kunibana tumboni. Mziwanda wako naye ni mzima kabisa, anakuamkia kwa heshima zote. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana jambo lenyewe ni refu, na kwenye simu nakujua, ungenikatiza kabla sijafika katikati. Kwa hiyo keti, vaa miwani, na tafadhali usikimbilie mwisho.

Unaifahamu ile ndege ndogo ya kampuni yetu, ya injini moja, inayopeleka dawa kwenye zahanati za mbali na kurudi na wagonjwa. Uliniruhusu niifanyie kazi kwa sababu, kwa maneno yako mwenyewe, fundi wa ndege hukaa chini. Basi mbele ya rubani kuna saa nyingi za vipimo, na anapoingia mawinguni iliyo muhimu kuliko zote ni ile ambayo karakana nzima tunaiita upeo. Yenyewe inamwonyesha mkao wa ndege: kama imelalia ubavu, kama pua imeinuka au imeinama. Hewa ikiwa safi huuhitaji, kwa sababu ardhi unaiona kwa macho yako. Lakini ndani ya wingu, mama, ni kama mtu amekufunika shuka jeupe usoni. Mwili unakuambia umekaa wima, kumbe ndege inajipinda kuelekea chini. Wamepotea hivyo watu waliorusha ndege miaka na miaka.

Sisi tulikuwa na upeo mmoja tu, wa zamani, unaozungushwa na pampu ya hewa iliyofungwa kwenye injini. Pampu ikifa, na upeo unakufa. Tena haufi kwa kelele. Unalala polepole kama mlevi kwenye kiti, na wakati wote huo unaendelea kumdanganya rubani. Msimu wa mvua ulipokaribia, mwenye kampuni alikubali tuweke upeo wa pili, wa akiba. Huyu mwenye kampuni tunamwita Mzee Tai, kwa ajili ya ile tai ya shingoni ambayo haivui hata jua likichoma bati.

Kukubali kulikuwa rahisi. Kuchagua ndiko kulikotutoa jasho. Mzee Tai alikuwa na rafiki anayeuza upeo uliotumika, wa aina ileile ya zamani, na akasema hauna mashaka kwa sababu tumeuzoea. Rubani mkuu, mzee wa mvi anayeongea kidogo, alipendelea kishikwambi cha kubandika kwenye kioo, kwa kuwa kina picha nzuri na hakihitaji kukata chuma. Mimi nilitaka upeo mdogo wa umeme, wenye betri yake ndani, ili umeme wa ndege ukizimika nao uendelee kufanya kazi mpaka watu watue.

Tulibishana ofisini kwa Mzee Tai hadi chai ikapoa. Nilimweleza rubani mkuu kwamba kishikwambi kinafaa kuwa mkobani, lakini juani kinachemka na kujizima, na ndege ikitikiswa kinabanduka na kuangukia miguuni. Akafikiri, akakubali. Mzee Tai hakukubali upesi hivyo. Alisema vitu viwili vya aina moja ni viwili, nilitaka hesabu gani nyingine? Nikainama chini ya meza yake na kuchomoa ule waya wa soketi nyingi kutoka ukutani. Feni ikasimama, na taa ya mezani ikazimika papo hapo. Nikamwambia kwamba feni na taa ni vitu viwili, lakini vinakula chungu kimoja, na upeo wa rafiki yake ungekula chungu kimoja na wa kwanza, yaani pampu ileile. Alinitazama, akailegeza tai kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema nirudishe feni kwanza ndipo tuzungumze. Nilijua nimeshinda.

Lakini usidhani akili zote zilikuwa zangu. Kifaa kilipofika, nilipanga kukiweka chini kulia, kwenye tundu lililoachwa na redio ya zamani. Kilikaa pale kama kimezaliwa pale. Akaja rubani wetu mpya, aliyekuwa akirusha chini ya uangalizi wa rubani mkuu na kukaribia kuachiwa ndege peke yake. Akaketi kwenye kiti, akafumba macho, akayafumbua, akaniambia hapana. Alisema kukiona pale ingembidi ageuze kichwa, na ndani ya wingu kugeuza kichwa ghafla kunavuruga masikio kiasi cha kumfanya mtu ahisi ndege inapinduka. Alikitaka kando ya upeo mkubwa, pale macho yanapoangukia yenyewe. Nilinung'unika, maana ilinibidi nihamishe saa nyingine na kukata chuma upya, lakini moyoni niliona ana haki. Tulipomaliza, mafundi wakavibatiza: upeo wa zamani ukawa Mkubwa, na mpya ukawa Mdogo.

Mvua zilikuwa zimeanza tulipoitwa kumchukua mzazi aliyejifungua vibaya, akitokwa na damu, pamoja na mtoto wake mchanga. Rubani mkuu alikuwa kitandani na homa, na rubani mpya alikwisha kuruhusiwa kubeba abiria. Nami nilikuwa ndani, mama. Nisamehe. Jokofu la dawa la zahanati ile lilikuwa limeharibika na nikaenda kulitengeneza, kwa hiyo siku ile fundi hakukaa chini.

Wakati wa kurudi tuliingia kwenye wingu nene. Muuguzi alikuwa amepiga magoti kando ya machela akimshika mzazi mkono, na mimi nilikuwa kiti cha mbele na mtoto kifuani, kwa kuwa mikono mingine yote ilikuwa na kazi. Nikamwona Mkubwa anaanza kuinamia kushoto, taratibu, kama ndege inalala ubavu. Mdogo alikuwa amesimama wima. Vipimo viwili jirani, kila kimoja na hadithi yake. Mwili wangu ulimwamini Mkubwa. Naapa, nilihisi kabisa tunaanguka upande, na nusura ninyooshe mkono kushika usukani.

Rubani hakuharakisha. Aliangalia saa ya pampu, ikawa imeshuka hadi sifuri. Akaangalia dira, ikawa imetulia, na ndege inayolala ubavu hupinda, dira ingezunguka nayo. Kisha akatoa leso mfukoni, akamfunika Mkubwa uso, na kusema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, "Mkubwa amelala. Nafuata Mdogo."

Tangu hapo aliongea na redio tu, maneno machache, huku macho yakitoka kwa Mdogo kwenda kwenye mwendo na urefu, na kurudi tena kwa Mdogo. Mikono yake ilikuwa laini kwenye usukani, kana kwamba ndege ni mtoto mwingine aliyelala. Mimi fundi nililowa jasho mpaka mgongoni. Tulipotoka chini ya wingu, uwanja ulikuwa mbele yetu, umenyooka, unang'aa kwa mvua, na magurudumu yaligusa kwa upole hata mtoto hakuamka. Mzazi yule alifikishwa hospitali akiwa hai. Nimekwenda kumwona, anakaa kitandani na kulalamikia uji. Pampu niliifungua mwenyewe: kiungo chake kilikuwa kimekatika ndani, mahali ambapo jicho haliwezi kufika bila kuivunja.

Sasa mama, vua miwani uifute, kisha urudi hapa.

Rubani wetu mpya ni Mziwanda.

Hatukukudanganya tulipokuambia amepata kazi ofisini. Alianzia kwenye meza ile ya kupokea simu. Lakini rubani mkuu alichoka kuulizwa maswali ya mawingu na binti wa simu, akamshauri Mzee Tai kwamba ni afadhali amsomeshe kuliko kumjibu. Amesoma, amefanya mitihani, amefaulu. Aliniomba nisikuambie, akisema atakueleza mwenyewe leseni ikitoka. Leseni ikatoka, akaahirisha. Haogopi wingu, mama, anakuogopa wewe. Anakumbuka ulivyosema sebuleni kwamba mtoto wako wa mwisho hataning'inia hewani.

Sasa umejua kwa nini nilichomoa waya wa bosi wangu. Nilipokaza kila skrubu ya kifaa kile nilikuwa najua ni nani atakaa mbele yake. Hata hivyo sikuandikii ili nisifiwe kwa kifaa. Kifaa kilisema kweli, basi. Wa kuiamini kweli hiyo, wakati mwili mzima unakataa, alikuwa yeye. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega naye, mtoto wa watu kifuani, nikamtazama huyu niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwogopa kwa heshima.

Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, nimezoea. Mwezi ujao ndege itashuka kwenye uwanja ulio karibu nawe kuleta chanjo. Siombi uipande. Naomba uje usimame pale, umwone akishuka ngazi.

Yupo hapa nyuma yangu, anasoma juu ya bega, analia na kunitaka nifute sehemu ninayomsifu. Nimekataa. Anasema pia nikuambie kwamba asubuhi anakunywa chai kwanza kabla ya kuruka, kama ulivyomfundisha.

Msalimie shangazi na wote wa nyumbani. Litunze goti, na ujibu upesi, hata kama ni kwa kugomba.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
fundi wa ndege, na kaka yake rubani.