Mtoto Chini ya Birika

Kaka Emrys,

Mvua ya huku Wales imeozesha viazi vyote. Huko Patagonia, ng'ambo ya bahari, mnavuna?

Kanisa letu limepanuliwa. Ukuta wa kaskazini wameusogeza hadi kupita pale tulipomzika mwanao kwa siri, kwa kuwa alikufa kabla ya kubatizwa na kasisi angekataa kumzika. Birika la ubatizo wameliweka juu yake kabisa, bila kujua.

Jumapili, kwenye ubatizo, kasisi aliuliza, “Mtoto huyu anaitwa nani?” Kichanga cha jirani yetu Morfudd kilikuwa kimelala fofofo mikononi mwa kasisi, lakini sote tulisikia mtoto akilia chini ya sakafu.

Bibi Beti, aliyekuwa amesimama kando yangu, akanibana mkono. “Nest, huyo mwingine ni wa nani?”

Nikarudi nyumbani kukuandikia.

Kaka, mpe mwanao jina, unitumie. Kasisi akiuliza tena, nitamjibu mimi.

Dadako,
Nest