Kolesteroli Niliyokataa Kuiacha

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijui kuanza vinginevyo.

Baada ya arobaini yako, baba mdogo alituita barazani pale Kitangari. Akasema wanunuzi binafsi wa korosho sasa wameruhusiwa, amefungua ghala Tandahimba, anataka mtu wa kumwamini. Niache chuo.

"Unasomea mafuta yanayong'aa gizani," akasema. "Mama yako yamemfaa nini?"

Niliumia, Mama. Ulianguka ukitoka kuteka maji, na daktari wa Newala akasema mshipa wa kichwani umeziba, huenda ni mafuta. Wote pale barazani walikumbuka maneno hayo.

Nikamjibu, "Baba mdogo, heshima yako iko palepale. Chuo siachi."

"Basi usihesabu kwamba una kwenu."

Nikapanda basi la Mtwara na kanga yako begani. Sikulia hadi tulipomaliza kuteremka kutoka uwanda wa juu.

Unakumbuka ulipokuja Dar kutibiwa macho, nikakuingiza maabara? Nilizima taa, nikamulika kichupa kwa taa ya urujuanimno, kikawaka buluu. Ukanishika mkono: "Kumbe hiki ndicho kinachokunyima usingizi." Nikakueleza kwamba ile rangi niliyoitia kichupani imejipenyeza kwenye utando, ngozi nyembamba ya mafuta kama ile inayofunika kila seli mwilini. Utando ukilegea, rangi huzungukazunguka. Ukikaza, hutulia. Mwanga wake ndio unaotuambia.

Niliporudi chuoni baada ya msiba, nilitia kwenye utando ule kolesteroli, aina ya yale mafuta aliyoyataja daktari. Kwenye joto, utando uliokuwa umelegea ukakaza. Kwenye baridi, ambako ungeganda, kolesteroli ikauzuia usigande. Kitu kilekile, Mama. Nikarudia, nikarudia tena, kwa sababu nilitaka kuikuta na hatia tupu. Haikukubali. Bila hiyo seli zetu hazidumu. Ikizidi kwenye mishipa, inaua.

Mwalimu wangu alinishauri nibadilishe mada, eti msiba umenikaa vibaya. Nilimwambia msiba wangu haushiki vichupa, ninayeshika ni mimi. Sijaisamehe kolesteroli. Lakini siiachi, na hakuna atakayeniachisha, awe wa ghalani au wa chuoni.

Sasa naanza na utando halisi, wa seli za damu ya binadamu. Wenzangu wa maabara walitaka kuniombea damu hospitali. Nimekataa. Nakuahidi kazi hii nitaifikisha mwisho, na damu nitakayoanza nayo ni yangu, uliyonipa wewe.

Lala salama, Mama.

Mwanao,
Zainabu