Agatha Hakutabasamu

Agatha, mwenzangu,

Darasa lako la kuchora kapewa mwalimu mpya. Kabandua picha zote ukutani, kuta sasa nyeupe kama za zahanati. Mimi bado nasomesha hisabati chumba cha pili. Kengele ikilia nategea sauti yako, kisha nakumbuka.

Kile kitabu chako kikubwa cha michoro ya kale ya Ulaya nnacho mimi, hapa nyumbani kwetu, mtaani Hail. Juzi mama yangu alikifungua, akawaona mashahidi wa Kikristo wanachomwa, wanachunwa. Akauliza, "Waliwachora hivi ili iwe nini?" Nikakifunga kitabu. Wewe ungemjibu.

Nakumbuka siku uliyonionesha ile picha, tumekaa chumba cha walimu, umeshaambiwa una saratani ya titi. Msichana kabeba matiti yake mawili juu ya sahani, kama anayewapelekea wageni chakula. Walimkata kwa kuwa alikataa kuikana imani yake. Uso wake shwari.

"Huyu ndiye Agatha niliyepewa jina lake," ukasema. "Angalia uso. Ni kama hakuumia hata kidogo." Ukafunua yule aliyejaa mishale. "Na huyu ako tu hapo, kama mtu anangoja basi." Tukacheka. Wewe uliacha mapema.

Halafu ukanionesha Petro, mzee mzito, anainuliwa msalabani kichwa chini. Hatazami mbinguni. Anautazama msumari ulio kiganjani mwake.

"Huyu anaogopa," ulisema. "Huyu ndiye naweza kuomba naye."

Baada ya upasuaji, wenzako wa kanisani walikuja kukutazama, watu wema, wakakwambia uvumilie kama mashahidi. Uliwajibu "Amina." Wakishatoka, unanishika mkono unalia. "Salma, sitaki kufa. Sitaki kuwa mtakatifu wa mtu."

Asubuhi ile ya mwisho nilikuwapo peke yangu. Siwezi kuiandika yote.

Kabla mwili wako haujarudishwa kwenu Kenya walikufanyia maombi hapa mtaa wa jirani, Sib, nyumbani kwa mmoja wa wenzako wa kanisani. Nikaenda na buibui langu, nikakaa karibu na mlango. Mama yako alikuwa kwenye simu, tunamuona uso, wameiegemeza kwenye jagi la maji. Mzee wa kanisa akasimama, akasema ulikufa ukitabasamu, kama shahidi, bila ya kunung'unika. Watu wakaitikia. Kisha akanigeukia. "Mwalimu Salma alikuwapo. Atushuhudie."

Nikasimama. Ningeweza kusema ndiyo nikakaa.

Nikasema, "Hakutabasamu. Aliumwa sana, na aliogopa. Alimwita mama yake mpaka sauti ikamkauka."

Mwanamke mmoja akasema pole pole, "Dada, si sasa." Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Ndipo ikatoka sauti kwenye simu. "Aliniita?"

"Ndiyo, mama. Alikuita."

"Akasema nini?"

"Alisema, 'Mama, njoo.'"

Mama yako akalia, Agatha. Dada yako kaniambia baadaye kwamba hakuwa ametoa chozi tangu apate khabari. Alilia, na pale Sib wakalia wote, hata yule mzee, kaufunika uso kwa mikono. Alipopata pumzi mama yako akasema, "Waliniambia ameenda kwa furaha. Nikawa najiuliza, kwani mimi hakunikumbuka?"

Tangu siku hiyo mama yako hunipigia simu.

Nnakuombea kwa maneno niliyofunzwa mimi, wala simwambii mtu. Skuli zikifungwa nakwenda Kenya. Mama yako anataka nimsimulie tena, uso kwa uso, tangu mwanzo. Nimemkubalia, na wewe nnakuahidi: sitokupunguza wala sitokupamba.

Lala, mwenzangu. Hakuna tena wa kukwambia uvumilie.

Salma wako