Mchuzi wa Kasa na Maziwa ya Mzazi

Zuhura, mwenzangu tuliyechezwa unyago pamoja,

Mola akunawirishie kaburi lako. Nakuandikia nimekaa kwenye benchi la hospitali, karatasi iko magotini na moyo hautulii. Mwanao Mwanaisha yuko wodini na mjukuu wako. Wa kike, bado mchanga, hata arobaini hajafika.

Ngoja nikueleze vizuri.

Asubuhi nilikwenda kumkanda mzazi. Nikamkuta mtoto yuko kifuani, mkononi ameshika bakuli la mchuzi wa pilipili manga, ule wa kuleta maziwa. Nikauliza, "Samaki gani huyu?" Mwanaisha akainamisha macho. Mkwewe, Bi Rukia, akajibu kutoka jikoni: "Kasa, mwenzangu. Jirani katuletea. Usiogope, paka kala zamani, huyo hapo anajilamba."

Zuhura, nikalitwaa lile bakuli, nikakukumbuka wewe. Kwani wewe hukumpa paka? Ulimpa. Tukamtazama mpaka chungu kikaiva, ukacheka, ukasema, "Paka wa Kivinje hauawi na nyama, labda umbea." Ukala. Kesho yake koo likawasha, ukashindwa kumeza hata mate, mdomo ukajaa vidonda, kisha ule usingizi ambao hatukuweza kukuamsha. Na walipokuuliza umekula nini, ukasema samaki aina ya changu, kwa sababu kasa ni marufuku na hukutaka mtu akamatwe. Paka wako mzima hadi leo, anashinda sokoni.

Nikamwondoa mtoto kifuani kwa mama yake. Bi Rukia akatoka na mwiko mkononi: "Unaniambia mimi nataka kumuua mjukuu wangu?" Nikaita bajaji.

Muuguzi alinieleza taratibu. Si kila kasa ana sumu, anasema, inategemea alichokula huko baharini, na kwa macho humjui. Moto hauiondoi. Haianzi papo hapo, yaweza kungoja siku kadhaa. "Na sumu ni kipimo, mama. Kiasi alichokula mtu, na mwili wake ulivyo." Paka hutupiwa kipande kama kidole. Wewe ulikula sahani, na ini juu yake. Halafu akasema neno lililonikata: sumu hii hupita kwenye maziwa. Mama anaweza asidhurike kabisa, mtoto akafa.

Mwanaisha alikuwa amekunywa nusu bakuli, na alikuwa ameshanyonyesha.

Sasa mtoto ananyweshwa maziwa ya kopo kwa kikombe kidogo. Mama yake anakamua yake na kuyamwaga. Kila mtoto akilia, maziwa yanamtoka yenyewe, kanga inalowa, na hana ruhusa ya kumpa. Nilitoka nje nikasoma Ayatul Kursiyu, nikakosea katikati. Mimi, Zuhura, niliyeisoma tangu madrasa.

Bi Rukia alitufuata. Alikaa mwisho wa benchi, uso ukutani. Muuguzi akaja kuuliza nani mwingine amekula. Nilijua Bi Rukia anamfikiria jirani aliyeleta nyama, asije akakamatwa. Nikamwambia polepole, "Dada, Zuhura naye alisema changu." Unakumbuka, au labda hujui, kwamba Bi Rukia alikuwa miongoni mwa waliokuosha siku ya mazishi. Aliuona ule mdomo wako.

Akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Kasa. Nimekula mimi, na majirani wamekula." Muuguzi akamtaka aingie apimwe. Akajibu atarudi, akavuta baibui lake. "Naenda kuwagongea milango. Wakinitukana, bora watukane wakiwa hai."

Mpaka sasa hajarudi. Nachungulia geti kila nikiandika mstari. Wametuambia tungoje hizo siku, dawa yake hasa hakuna, kazi ni kumwangalia mtoto anavyomeza na anavyopumua. Na asilale kupita kiasi. Hilo la usingizi ndilo linaloninyima raha.

Kwaheri, Zuhura. Allah akusamehe, akuonee huruma. Nakuahidi sitaondoka hapa mpaka waseme mtoto anyonye, na kila nyumba nitakayoitwa kukanda mzazi nitakitazama chungu kwanza, hata wakinichukia. Tena nitasema ulikula nini.

Mtoto amenyamaza. Naacha kalamu hapa, nikamwamshe.

Mwenzako,
Fatuma