Kompyuta Uliyotuachia Burumba

Kaka Wandera,

Mama bado anaumwa na magoti, na mvua imeozesha maharagwe yetu ya shambani Bumala. Kompyuta yako uliyohifadhi filamu inawaka sebuleni hapa Burumba usiku na mchana, ili huko Doha uzitazame kupitia mtandao bila kulipia kampuni yoyote. Baba aliipanguza vumbi kila asubuhi mpaka alipolazwa.

Hukuja kumzika. Ulisema nikuwekee video ya mazishi humo, utaitazama ukitulia. Niliiweka ya kwanza kabisa. Lakini mashine huonyesha kila unachotazama. Kwa miezi mitatu umemaliza tamthilia nne, na Baba hujamfungua hata mara moja.

Leo nimefuta filamu zote. Imebaki ya Baba peke yake.

Dadako,
Taaka