Tulinunua Ziwa Likiwa Limefungwa

Jumapili, 10 Agosti 2025

Wiki ya kwanza Kapalamsenga. Nimefagia mchanga, umerudi, nimefagia tena. Nyumba ni nzuri, siwezi kusema uongo. Baraza inatazama ziwa, na kutoka barazani hadi majini ni mchanga mtupu, safi, kama uwanja wa shule siku ya kufunga.

Ponsian analala! Hilo ndilo la kuandika leo. Mume wangu ameendesha mashine ya kukoboa mpunga Majimoto tangu ujana wake, masikio yake yanavuma hata tukiwa kanisani, na sasa analala mpaka jua linaingia dirishani. Daktari alisema presha haitashuka bila usingizi. Julai akaja huku kutembea, akarudi na uso mwingine. Akaniambia kule ni kimya, mama Maiko, kimya kabisa. Basi tukauza mashine, tukauza nyumba na majaruba yetu ya mpunga kwa Malale jirani. Mimi nilikubali shingo upande. Lakini ukimsikia anavyokoroma, utasema nini tena?

Mitumbwi yote imepinduliwa. Christina, mama wa nyumba ya pili, kasema ziwa limefungwa ili samaki wazaliane, litafunguliwa Ijumaa. Kumbe! Kila mwaka redio hutangaza, lakini sisi watu wa mpunga habari za ziwa tunazisikia kama habari za nchi jirani. Sikuuliza zaidi.

Jumamosi, 16 Agosti

Mungu wangu.

Jana jioni boti zilitoka zote kwa pamoja. Kijiji ambacho sikujua kina watu kimejaa watu. Wametoka wapi? Jenereta la kuchaji betri za taa za kuvulia dagaa wameliweka nyuma ya choo chetu. Kuna kibanda cha muziki kimefunguliwa, na kumbe wiki nzima nilidhani ni banda la mbuzi. Alfajiri injini zikarudi zikinguruma, halafu wanawake wakapita na mabeseni katikati ya jiko langu na nyumba, wakamwaga dagaa mchangani mbele ya baraza. Mpaka majini. Kote kumeng'aa.

Nilitoka na khanga kifuani nikauliza jamani, vipi. Christina ndiye aliyenijibu, kwa adabu tu, maana tangu wasikie nilifundisha shule wananiita Mwalimu.

"Mwalimu, hapa ndipo tunapoanika. Tangu enzi za mama zetu."

Ponsian kaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Karudi na jibu. Nyumba ni yetu, choo ni chetu, ila mchanga ni wa mwalo, bandari ya wavuvi wote, na hakuna aliyewahi kuuza mwalo. Njia ya katikati nayo ni ya watu. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na tulilifungua gunia wenyewe tukachungulia tukamsifia.

Jumatano, 20 Agosti

Nzi. Harufu imeingia kwenye shuka, kwenye chai, kwenye kitenge changu cha kanisani. Ponsian kaziba masikio kwa pamba. Anasema Majimoto mashine alikuwa anaizima mwenyewe saa ya kula. Hii ya huku hana swichi yake.

Nimechoka. Sina zaidi.

Jumatano, 27 Agosti

Tumetoka zahanati. Presha imepanda kuliko ilivyokuwa Majimoto. Nesi, binti mdogo tu, alipima, akapima tena, akaniita pembeni. Akaniuliza huyu mzee analala kweli? Nikasema halali. Akasema basi mama, mtafutie mahali pa kulala, vidonge peke yake havitoshi. Naogopa. Naandika hivyo hivyo, naogopa.

Jioni Ponsian kampigia Malale simu, kamuuliza kama anaweza kuturudishia nyumba na majaruba. Malale kasikitika kabisa, na najua hakuigiza, ni mtu mwema. Lakini wanawe wamekwisha kuhamia, zizi limekwisha kujengwa. Kampa pole, kamwelekeza nyumba moja Usevya, mbali na barabara, mwenyewe anauza na atatungoja mpaka mwisho wa Septemba. Kwa hiyo tuiuze hii kwanza.

Halafu Ponsian kampigia Richard, dalali aliyetuuzia. Richard hata hakushangaa. Kasema msihangaike, ngojeni mwezi uwe mkubwa. Mbalamwezi dagaa hawafuati taa, boti zinalala, hakuna cha kuanika. "Mteja analetwa mbalamwezi au ziwa likiwa limefungwa." Kasema hivyo kwa spika, mimi nasikia. Na Ponsian aliletwa Julai, ziwa limefungwa!

Ponsian alinitazama. Nilidhani atamtukana. Akamwambia sawa, tafuta mteja.

Jumatatu, 1 Septemba

Tumegombana, kwa sauti ya chini, maana hapa kuta na dirisha vyote vina wapita njia. Nilisema mteja akija tumweleze tu ukweli, kama anaitaka ataichukua hivyo hivyo, wapo wafanyabiashara wa dagaa ambao harufu hii kwao ni hela. Akasema wafanyabiashara wa dagaa hawanunui nyumba ya baraza, wanapanga chumba.

Halafu akasema hivi.

"Kwani sisi nani alituambia?"

Macho yake mekundu. Nikamwongezea chai.

Jumamosi, 6 Septemba

Wamekuja. Usiku wa jana na wa juzi ulikuwa mweupe, boti zimelala, jenereta limezimwa, mchanga mtupu. Nilifagia tangu asubuhi na nikajichukia nikifagia.

Mteja ni Method, mwalimu wa sekondari Mpanda, na mkewe Evaline. Vijana bado. Richard anawatembeza, anawaonyesha maji utafikiri ameyachimba yeye. Ponsian kawaambia huku ni kimya, na kwa leo hakudanganya.

Evaline akanifuata jikoni, akavua viatu, akasaidia kukata nyanya bila kuambiwa. Msichana mzuri. Baba yake kafariki mwaka jana, kamwachia yeye shamba la mahindi Kasokola. Ndugu zake wanamcheka kwamba anauza shamba anunue mchanga. Lakini mama yake mzazi anaumwa, hapendi zogo la mjini, anataka amlete hapa apumzike. Akaniuliza, "Mama, kwa nini mnapaacha mahali kama hapa?"

Nikasema wajukuu wanatuita Mpanda.

Mwanangu Maiko hajaoa. Sina wajukuu. Uongo ulitoka mdomoni laini kama uji, na yeye akacheka akasema wajukuu bwana, hawana mshindani.

Alhamisi, 11 Septemba

Wamekubali! Watakuja Alhamisi ijayo kulipa mbele ya mwenyekiti, na siku hiyo hiyo wakitoka hapa Evaline anakabidhi shamba Kasokola kwa mnunuzi wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipigia. Alikuwa na furaha, ananiita mama, anauliza kama bustani ya mchicha inashika kwenye mchanga huu. Nilisema weka samadi.

Boti zimeanza kutoka tena. Ponsian kacheka leo mara ya kwanza tangu Agosti. Anaongea habari za Usevya, atapanda migomba, atafuga kuku wawili watatu. Nilicheka naye. Kicheko chake nilikuwa nimekisahau.

Jumatano, 17 Septemba

Ponsian kaniomba niende kwa akina Christina. Kesho wasianike mbele yetu mpaka wageni waondoke, waende kule kwenye mawe. Nikamwambia aende mwenyewe. Akasema wewe ndiye wanakuita Mwalimu.

Nikaenda. Walinikubalia bila neno, jambo lililoniumiza zaidi ya kukataliwa. Hawa watu nimewanunia mwezi mzima, nimewafungia njia kwa kamba ya nguo, na kila siku wananiamkia na kuniachia dagaa wa kitoweo dirishani. Christina peke yake ndiye aliyeuliza wageni ni wa kina nani. Nikamwambia wanunuzi. Akasema aa. Akaendelea kufua.

Ponsian kapiga pasi shati lake la mikono mirefu. Kameza vidonge. Kalala na pamba masikioni, kalala kweli, kelele zote hizo hazikumwamsha. Ni matumaini tu yanayomlaza. Nami ndiye niliyekesha, namsikiliza anavyopumua.

Alhamisi, 18 Septemba

Asubuhi. Naandika hapa barazani.

Boti zimerudi zimejaa mno. Kule kwenye mawe kumeshajaa, wanawake wamerudi na mabeseni kichwani, wamesimama ukingoni mwa nyumba, pale mchanga unapoanzia. Hakuna aliyekanyaga. Maji ya dagaa yanawachuruzika mashavuni. Jua linapanda, mzigo usipoanikwa sasa unaoza. Richard kapiga simu, yeye na wateja wamekwisha kushika barabara ya kushukia ziwani. Ponsian alikuwa bafuni anaoga, anapiga mluzi.

Christina akaniuliza tu, bila kulalamika.

"Mwalimu, tuanike au tuendelee kungoja?"

Nilifikiria usingizi wa Ponsian. Yule nesi alivyoniita pembeni. Nyumba ya Usevya, mwenyewe hatatungoja baada ya mwezi huu. Nilivifikiria vyote, nisijidanganye baadaye kwamba nilisahau. Na nilimfikiria yule binti anakata nyanya, na mama yake mgonjwa ndani ya chumba kile, jenereta linanguruma dirishani, shamba limekwenda.

Nikasema, "Anikeni."

Sasa wanamwaga. Mchanga wote umefunikwa mpaka majini, nzi wamekwisha kufika. Kijana wa jenereta kaniangalia naye, nikamwambia washa tu.

Ponsian katoka. Shati la pasi, taulo shingoni. Akasimama mlangoni akatazama mchanga, akanitazama mimi. Nilidhani atapiga kelele. Amekuja kukaa hapa karibu yangu, pole pole, anashika kiti kabla ya kukalia kama mtu mzee sana. Naandika ili nisimtazame.

Kaniuliza, "Wamejiamulia wenyewe, au umewaambia wewe?"

Gari linasikika linateremka. Wanawake wamesogea kuliachia njia. Nimemshika mkono, umelowa jasho, mshipa wake unapiga haraka sana, na bado anangoja nimjibu.