Kurasa Tisa Alizochana Mdogo Wako

Mwaka mzima umekatika, Bi Vitabu wetu, tangu utuache asubuhi ile ya Jumanne.

Ulikuwa msusi, lakini waliokuja kwako hawakutoka na nywele tu. Kwenye rafu chini ya kioo uliweka vitabu walivyoandika wanawake na vilivyoandikwa juu ya wanawake: hadithi za upelelezi, maisha ya marubani na wakunga, mashairi, afya ya uzazi. Ulimsikiliza mteja hadi msuko ukafika utosini, kisha ukasema, "Wewe chukua hiki." Aliyetoka kuachika ulimpa cha kuchekesha. Mwoga wa madaktari ulimpa cha afya, ukamkunjia ukurasa wa kuanzia. Mjuaji ulimpa cha upelelezi. "Haya, mtaje muuaji kabla hujafika mwisho." Hakuna aliyeweza.

Mdogo wako, fundi cherehani wa chumba cha pili, alikuwa akiyasikia yote ukutani. Yeye ulimpa kitabu kimoja tu, cha kukoma hedhi. Alikirudisha siku ile ile.

"Wenzangu unawapa mauaji matamu, mimi unanipa uzee!"

Ulicheka hadi kitana kikakudondoka. Yeye hakucheka.

Lakini aliyemchoma roho hasa ni muuguzi wa zahanati, aliyekuja kila Alhamisi hata kama nywele zake hazijafumuka. Mlisoma kitabu kimoja cha upelelezi, sura kwa sura, mkinong'ona. Mdogo wako akiingia kuazima mkasi, mnanyamaza. Alikuwa akirudi kwenye cherehani yake akishona mishono ya kufumuliwa. Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na minne, alijisemea, tumevaa gauni moja kwa zamu, leo nanyamaziwa kwa ajili ya mtu wa kuja! Wivu ukampanda kama maziwa jikoni.

Siku moja ulipotoka kununua mafuta ya nywele, aliingia, akakichukua kile kitabu cha upelelezi, akachana kurasa tisa za mwisho na kuziwashia jiko. Dada mtu anachana nywele, mdogo mtu anachana vitabu. Alhamisi akatega sikio asikie mtakavyolalamika. Hakusikia kitu. Wiki tatu baadaye ulilazwa, na mwezi haukuisha tukakuzika.

Msibani ndipo alipojua kwamba ulikuwa unaumwa kwa miezi saba, na kwamba waliojua ni wawili: mume wako, uliyemfunga mdomo, na muuguzi. Mume sawa. Lakini mtu baki? Karibu mwaka mzima akikutana na yule muuguzi njiani, anavuka barabara.

Mwezi uliopita uzalendo ulimshinda. Alimfuata zahanati, akamkuta akihudumia foleni ya chanjo.

"Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja. Kwa nini akuambie wewe?"

Muuguzi alimvuta hadi kwenye benchi la nje. "Alisoma kwenye kitabu cha afya kwamba uvimbe kama aliouona mwilini mwake si wa kukaa nao, ndipo akaja kwangu. Tulichokuwa tunanong'ona ni majibu ya vipimo. Nilimsihi akwambie. Akasema, 'Nikimwambia ataanza kunihurumia. Nani atabaki wa kunigombeza? Yule akinigombeza, najiona mzima.'"

Ndipo likamtoka mdogo wako: "Kile kitabu nilikichana mimi."

"Tulijua tangu siku ile. Mimi nilikasirika. Yeye akaniambia, 'Mwache mdogo wangu. Ana wivu kama kuku mwenye vifaranga. Ningekuwa mimi, ningechana kitabu kizima.'"

Alilia pale pale, akina mama wenye watoto wakimtazama.

Hatutakudanganya, wivu haujamwisha. Alirudi nyumbani, akavua viatu na kusema, "Maneno yale yalikuwa yangu, halafu yamekaa kwa mtu mwingine mwaka mzima."

Tunakukumbuka kwa mikono yako isiyovuta nywele, kwa cheko lako lililovuka ukuta, na kwa kila mwanamke aliyeingia kwako kusukwa akatoka na la kusoma.

Wanaokukumbuka ni mama yako. Mume wako, seremala. Na wanao wawili. Muuguzi naye aliomba atajwe kwenye kumbukumbu hii. Mdogo wako alikataa siku tatu, akatuuliza tangu lini mteja akawa ukoo. Leo asubuhi amekuja mwenyewe, amekubali, kwa sharti moja: yeye ndiye atangulie.

Basi iandikwe hivyo. Mdogo wako. Kisha muuguzi.

Miaka na ije mingi, hatutakusahau.